Kinu, Mvua na Kifua cha Koko

Asifiwe Mungu aliyemfanya mtoto asikie kabla hajaona, tumboni mwa mama yake, na aliyenipa mimi miaka mingi ya kukaa kando ya watoto waliolala bila kunichosha moyo. Sasa nimestaafu. Miguu inavimba nikisimama, na kusoma kunataka miwani na jua pamoja, lakini masikio ni mazima. Namshukuru kwa hayo kwanza, maana ninayotaka kuandika ni habari ya masikio.

Ninyi vijana mnaofanya kazi ya kulaza wagonjwa kwa dawa ya usingizi mliniomba nieleze historia: nani alikuwa mkubwa wa hospitali, jengo lipi lilitangulia. Hayo sikuyashika vizuri. Nilikuwa na swali moja tu miaka yote, na swali halikunipandisha cheo. Mtoto anayelazwa kwa dawa ili apigwe picha ya ndani ya mwili, anasikia nini?

Nilianza katika hospitali ya Masisi, huko milimani. Mwalimu wangu alikuwa Papa Paluku, mtu wa Butembo, aliyekuja kumtembelea kaka yake mwenye duka, akakuta hospitali haina mtu wa kulaza wagonjwa, basi hakurudi. Alivaa mabuti ya mpira hata ndani, kwa sababu matope ya Masisi hayajui mlango. Siku yangu ya kwanza nilikuja na kalamu mbili na hamu ya kushika sindano. Akanipa kiti.

"Kaa hapa, dada. Usiguse kitu. Sikia tu."

Mtoto alikuwa mezani, amepewa dawa ya kulaza, ketamini. Wenzangu wapya, mtaiona: macho yanabaki wazi, yanakuangalia, na hakuna mtu nyuma yake. Niliogopa. Papa Paluku akaniinamia, akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambacho "njo" ni "ndiyo".

"Haiko hapa sasa. Lakini masikio njo ya mwisho kulala, na njo ya kwanza kuamuka. Basi chunga mudomo yako."

Nilidhani ni adabu tu ya kazini, mpaka siku ya mbuzi. Tulikuwa tumemlaza mvulana aliyevunjika nyonga, ili fundi wa radiografia, yaani picha za mifupa, aupange mguu bila kumuumiza. Wabeba machela wawili walisimama mlangoni wakihadithiana habari ya mbuzi aliyeibiwa sokoni Sake, na mmoja wao, mwenye kipaji, akaigiza mlio wa mbuzi anayeburutwa. Mvulana alipoamka alipiga kelele kwamba mbuzi amemkalia kifuani na anataka kumla. Alipigana nasi kwa muda mrefu. Mama yake alitutazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Aliona tumemroga mwanawe. Papa Paluku akamwita yule mwenye kipaji, akamfanya aombe msamaha kwa mtoto, kwa niaba yake na kwa niaba ya mbuzi.

Kuanzia hapo tulinyamaza kabisa chumbani. Ila mimi niliendelea kujiuliza: kama sauti mbaya inaingia, sauti njema inazuiwa na nani?

Mvua ndiyo iliyonijibu kwanza. Mvua ya Masisi ikipiga mabati, huwezi kumsikia mtu aliye mbele yako. Siku moja ilinyesha tangu tulipomlaza msichana mmoja mpaka alipoamka. Aliamka kimya, akanyoosha mikono, akauliza kama maharagwe bado yameanikwa nje. Nilinunua daftari siku hiyohiyo. Niliandika: mvua, nzuri. Chini yake nikaandika: mvua haitumwi.

Mimi ni mwanakwaya, mtoto wa katekista, na nilikuwa na hakika kwamba Mungu amenipa kwaya kwa kazi hii hasa. Nilileta wenzangu watatu, mmoja wao baba wa sauti nzito ambaye hajawahi kujifunza kuimba pole. Mtoto alikuwa mwana wa mwalimu, umri wa miaka saba hivi. Alipoanza kuamka aliwakuta watu wanne wenye kanzu nyeupe wanamwimbia. Akafanya ishara ya msalaba.

"Nilishakufa?" akauliza. "Huku ni mbinguni?"

"Apana, mwana," Papa Paluku akajibu. "Huku ni Masisi. Mbinguni ni mbali kidogo."

Kwaya ilirudi kanisani. Niliandika: kwaya, labda mtu mmoja tu, na asiye baba yule.

Vita vilikuwa vinakuja na kuondoka kama homa ya malaria. Ukidhani umepona, jioni unatetemeka. Watu wa vijiji vya juu walijaa uwanjani petu na mizigo yao, na akina mama walipika nyuma ya ukuta wa chumba cha picha. Siku moja tulikuwa na mtoto aliyevimba tumbo, anataka kupimwa kwa ekografia, ile picha ya tumbo. Tulimpa dawa kidogo sana, kwa kuwa alikuwa dhaifu. Alikuwa anahangaika, anapumua haraka haraka. Mara nyuma ya ukuta mama mmoja akaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo. Kidole changu kilikuwa kwenye mkono wa mtoto nikihesabu mapigo, nikaona kitu cha ajabu: pumzi ilianza kumfuata mchi. Mchi ukishuka, anatoa pumzi. Mchi ukipanda, anaivuta. Kabla sombe haijalainika, mtoto alikuwa amelala kama jiwe la mtoni, na daktari akapata picha yake.

Nilikwenda nyuma ya ukuta nikamuuliza yule mama. Alinicheka.

"We mama wa hospitali, haujue? Sisi ni batu ya kukimbia. Fasi banatwanga sombe, njo kuko salama. Kijiji kikinyamaza, funga mizigo."

Niliazima redio ya kaseti, nikanasa sauti ya kinu. Msifikiri ni jambo la dakika moja. Mahindi makavu yanalia kwa ukali, yanashtua. Michi miwili katika kinu kimoja inafanana na watu wanaokimbia. Nilijaribu majani mabichi, majani yaliyopita motoni, kinu kipya, kinu kizee. Jirani zangu waliona nimeanza kuchanganyikiwa, lakini walikula sombe nyingi za bure. Mwishowe nikapata ile niliyoitaka: mchi mmoja, kinu kizee, majani yaliyokaribia kulainika, mama asiye na haraka. Watoto wengi wa Masisi walilala kwa kaseti ile, tena kwa dawa chache kuliko zamani. Wakanipa jina, Mama Usingizi, na ninakiri kwamba jina lile lilinipendeza kuliko inavyompasa Mkristo.

Papa Paluku aliporudi kwao Butembo kupumzika, alinikabidhi kiti chake na maneno haya: "Sauti ni dawa, dada. Na dawa moja haiponyeshe batu bote. Uliza kwanza." Niliyaandika vizuri katika daftari. Kuandika na kuelewa ni mambo mawili.

Baada ya miaka michache nilipelekwa Walikale, kwenye kituo cha kando ya barabara ya Mubi, penye piki nyingi na malori yanayosubiri mawe ya machimboni. Nilibeba kaseti yangu kama padri anavyobeba mafuta matakatifu.

Hapo ndipo aliletwa Riziki. Alikuwa na umri wa miaka minne au mitano. Alitoka upande wa Itebero juu ya piki, amefungwa kwa kitenge katikati ya dereva na bibi yake, Koko Feza. Kipande cha chuma kilimwingia mgongoni, usawa wa kiuno, siku walipokimbia vita. Kidonda cha nje kilikuwa kimefunga, lakini mguu wa kushoto ulianza kuburutwa, na kila juma uliburutwa zaidi. Daktari mpasuaji, mtu wa maneno machache, alimgusa mgongo, akamwambia Koko Feza mbele yangu:

"Mama, kama chuma iko pembeni ya mufupa, nitaitoa, na mutoto atatembea. Kama iko ndani ya uti, nikiigusa nitamuharibu. Sitakata nikiwa kipofu. Nahitaji picha."

"Na tukikawia?"

"Mguu wa pili utafuata."

Tukaanza na radiografia ya hapohapo. Riziki alikuwa na kikohozi kizito, kifua kinapiga miluzi, kwa hiyo sikuthubutu kumlaza sana. Dawa nyingi ingeweza kumzimia pumzi. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na kinu changu. Nilimpa dawa kidogo, nikaweka redio karibu na kichwa, nikabonyeza.

Mchi ulipiga mara tatu tu. Riziki, ambaye alikuwa amekwisha kusinzia, alikakamaa mwili mzima. Alijitupa kutoka mezani, akatambaa kwa mikono, mguu ukiburutwa, akaingia chini ya meza. Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akatutazama. Koko Feza aliirukia redio, akaifunika kwa kitenge chake na kuilalia kwa tumbo.

"Zima! Zima ile kitu! Unataka batusikie?"

Filamu ya picha tuliyojaribu tena, bibi yake akimshika, ilitoka na ukungu mwingi. Chuma kilionekana, lakini mahali pake hapakuonekana. Daktari akaiangalia dirishani, akaiweka chini. "Paka skana," akasema. Maana yake, hakuna njia ila skana, ile mashine kubwa inayompiga mtu picha za ndani, nayo ilikuwa Goma. Ndege ndogo zilizotua juu ya barabara kuchukua mawe zilikubali mara mojamoja kubeba mgonjwa, na rubani mmoja aliahidi kutuchukua siku ya tatu. Lakini sasa Riziki, kila akiniona, anajiziba mdomo. Ni nani atakayemlaza mezani Goma, na kifua kile, kama mtu pekee wa kumlaza ndiye anayemwogopa?

Nilikwenda kwa Koko Feza mchana, akiwa amekaa kwenye jamvi nje ya wadi. Nikakaa chini mbele yake.

"Koko, unisamehe. Niliona nilikuwa namujua kila mutoto."

Alikuwa anachambua mchele, anatoa punje moja moja.

"Kule kwenu," akasema, "kinu ni amani. Eh. Hata sisi ilikuwaka vile. Kisha tukaingia mu pori, misimu mbili. Mu pori, kinu inaenda mbali kuliko sauti ya muntu, na benye bunduki banaifuata. Tulikula sombe bila kutwanga, ngumu kama nyasi. Jirani yetu alitwanga. Siku moja tu. Batoto yake balikuwa na njaa."

Akaacha kuchambua. Sikumuuliza habari ya jirani.

Nikamuuliza swali nililopaswa kuuliza siku ya kwanza: "Sasa mule pori, Riziki alikuwaka analala na sauti gani?"

Akagonga kifua chake. "Hii. Naimba, mudomo imefungwa. Hata wewe ukae hapa, hausikie. Yeye njo anasikia."

Nilimwomba niweke sikio. Alishangaa, kisha akacheka, mara ya kwanza. "Mama mukubwa hivi unataka kubebwa?" Niliweka sikio kifuani mwake. Mwanzoni nilisikia moyo tu. Halafu kitu kikaanza, chini, kama nyuki ndani ya mti wenye shimo. Nilipoinua kichwa, palikuwa kimya kabisa. Nikalirudisha sikio, nyuki walikuwepo. Nilifanya hivyo mara tatu, nne, kama mtoto aliyepewa kioo.

Kisha nikakumbuka kilichoning'inia shingoni mwangu tangu ujana. Niliweka kichwa cha stetoskopi kifuani pa Koko Feza, na vidude vya masikioni nikavinyoosha kwa Riziki, aliyejificha nyuma ya bibi yake, bila kumsogelea. Mikono yake ilikuwa mdomoni. Bibi yake alimwonyesha namna ya kuvaa. Riziki akasikiliza. Mkono mmoja ukashuka. Akautazama mdomo wa bibi yake, uliofungwa, kisha akanitazama mimi, na mkono wa pili ukashuka.

Siku mbili zilizobaki nilifanya kazi ya fundi. Mpira wa stetoskopi ni mfupi, na ndani ya skana bibi hawezi kumlalia mtoto. Niliunganisha mipira safi ya oksijeni. Mrefu mno, wimbo ulikufa njiani. Mfupi mno, haufiki. Nilikata, nikaunga, nikajisikilizia mwenyewe. Nikamwomba kila aliyepita wadini asikilize, mpaka mpishi akasema hospitali imegeuka kituo cha redio. Nilipoishia, mpira ulikuwa kama mkono mmoja na nusu wa mtu mzima, na nyuki walifika.

Tulisafiri tumekaa kando ya magunia ya mawe. Ndege ile ililia kama kinu cha mahindi cha injini, na sisi wakubwa tulishika rozari. Riziki alilala njia yote, amevaa stetoskopi.

Kijana fundi wa skana alitutazama kwa mashaka.

"Mama, hii ni skana. Haiko kanisa. Ndani habaki muntu."

"Abaki mmoja," nikasema, "avae lile vazi zito la risasi, la kuzuia miali. Na mutoto aingie miguu mbele."

"Miguu mbele? Sababu gani?"

"Picha ni ya kiuno. Kichwa kikae inje, karibu na bibi yake. Na hivi vyuma vya masikio visiingie mu picha yako."

Akafikiri. "Kama akitikisika, tunapoteza. Kuna watu wengi wanangoja, na mashine yenyewe siku hizi inajipumzisha inapotaka."

"Akitikisika ni kosa yangu," nikamwambia. "Nimezoea."

Tulimvika Koko Feza lile vazi. Lilimfika magotini, akainama kwa uzito. "Hii nguo ni ya kuadhibu bazee?" akauliza. Nilipitisha kichwa cha stetoskopi chini ya vazi, nikakifunga kifuani pake kwa kitambaa. Nikampa Riziki dawa ile kidogo, ile tu ambayo kifua chake kingeweza kuistahimili. Macho yakafumba. Nikatoka, nikasimama nyuma ya kioo na kijana.

Meza ikateleza ndani. Mashine ikaanza kuzunguka kwa mvumo mkubwa, na Koko Feza, ambaye hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho, akashtuka. Niliona taya lake likikaza. Alikuwa ameacha kuimba. Nilijua kwa sababu kope za Riziki zilicheza, na mkono wake wa kulia ukaanza kupanda, polepole, kuelekea mdomoni.

"Anatikisika," kijana akasema. Kidole chake kilikuwa kwenye kipaza sauti. "Nimwambie?"

Nikamshika kidole. Sauti yoyote kutoka juu ingemmaliza. Nikafanya kitu kimoja nilichoweza: nikaweka kiganja changu kifuani, mbele ya kioo, nikakaa hivyo, nikimtazama Koko Feza na kuomba kwa moyo anitazame. Akainua macho. Akaniona. Akafumba macho yake, na nikaona mabega yake yakishuka chini ya lile vazi.

Mkono wa Riziki ukasimama hewani, kisha ukarudi mezani.

"Sasa," nikasema. Kijana akapiga picha.

Zilipojitokeza kwenye kioo chake alisogea karibu. Sikujua kuzisoma, kwa hiyo nilimsoma yeye. Akaonyesha kwa kalamu alama nyeupe. "Iko pembeni ya mufupa," akasema. "Uti ni muzima." Halafu, bila kunitazama: "Naweza kusikiliza ile mpira yako kidogo?"

Daktari alikitoa kile chuma Walikale, kikohozi cha mtoto kilipopona. Nilimlaza mimi, Koko Feza akiwa pembeni na mpira wake, maana Riziki alikwisha kukubali nimguse.

Majuma kadhaa baadaye nilikuwa wadini kabla ya chakula cha mchana, natengeneza vitanda, nikasikia kinu huko nyuma jikoni. Nilishika shuka mkononi. Nilimfikiria Riziki mara moja, nikatoka mbio kumwambia mpishi aache. Lakini mapigo yale yalikuwa ya ajabu. Moja. Kisha hakuna. Kisha mawili ya haraka, mepesi, ya kwenda kombo. Hakuna mama anayetwanga hivyo.

Koko Feza alikuwa amekaa kwenye gogo, anakishika kinu kisianguke. Mbele yake alisimama Riziki, kwa miguu yote miwili, amekumbatia mchi mrefu kumshinda. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye mchi.

"Kwa nguvu, mama yangu," bibi alikuwa akimwambia. "Hata kule barabarani basikie."

Vijana wangu, kabla ya kuuliza kilo za mtoto, kabla ya kuuliza alikula saa ngapi, ulizeni: analala kwa sauti gani, na anaogopa sauti gani? Iandikeni juu ya karatasi, mstari wa kwanza. Stetoskopi ya mpira mrefu imetundikwa nyuma ya mlango. Mpira ubadilisheni ukikauka.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe usingizi usiovunjwa, wewe na walio chini ya paa lako. Akuwekee karibu kifua cha mtu anayekuimbia hata pale midomo inapolazimika kufungwa. Na siku ifike, katika kijiji chako na changu, ambapo vinu vyote vitalia mchana kweupe na hakuna mtoto atakayejiziba mdomo. Amina.